Uvimbe wa Ini na Maumivu ya Tumbo

Katika nyumba zetu, neno "uvimbe" likitajwa pamoja na neno "ini", hapana tena asikilizaye yanayofuata. Mgonjwa huanza kuusia, jamaa huanza kulia, na daktari huachwa na maneno yake mdomoni. Sisi tusomeshao watoto chuoni twayaona haya mara nyingi, kwani watu hutujia kutaka kuandikiwa kombe kabla hawajauliza uvimbe wenyewe ni wa namna gani.

Kuogopa si ajabu. Saratani ya ini ipo katika nchi zetu, na homa ya ini ya aina B ni mojawapo ya mambo yailetayo. Kwa hiyo haifai mtu kuambiwa "si kitu" bila ya kupimwa damu. Lakini si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe usio saratani uonekanao zaidi kuliko wote waitwa hemanjioma, nao ni fundo la vishipa vya damu. Haugeuki kuwa saratani, na ukiwa chini ya sentimita 5 kwa kawaida hauumizi. Mtu aweza kukaa nao miaka mingi asijue, mpaka siku apigwapo picha ya tumbo kwa sababu nyingine.

Hapo ndipo watu wapoteapo. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliumwa na tumbo mwaka mzima. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha hemanjioma ya sentimita 3, na tangu siku ile kila aliyemzuru alisema ugonjwa umekwisha julikana. Akanyweshwa mizizi ya kila namna (na baadhi ya mizizi hudhuru ini lile lile). Alipofikishwa kwa daktari bingwa wa maradhi ya tumbo na ini, bingwa yule hakuanza na picha. Alimwuliza maumivu huja saa ngapi. Akajibu kuwa humwamsha usiku, na akila kidogo hutulia. Akaulizwa dawa anywazo. Kumbe alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya magoti kila siku! Alimezeshwa mpira mwembamba wenye taa, kikaonekana kidonda cha tumbo. Kidonda kilitibiwa, maumivu yakaondoka, na hemanjioma ingalipo mahali pake.

Basi aendaye kwa bingwa, iwe Muhimbili, Kenyatta au kwingineko, na achukue picha zenyewe, asitosheke na karatasi ya majibu. Na aulize mambo mawili: uvimbe huu ni wa namna gani, na je, ndio uniumizao? La kwanza mara nyingi hujulikana kwa MRI au CT skani, bila ya kukatwa kinyama cha kupimia. Hemanjioma ikichomwa huweza kutoka damu nyingi.

Jambo jingine twawaambia waume. Upo uvimbe uitwao adenoma, ambao huhusiana na vidonge vya kuzuia mimba. Nao si saratani, lakini ukipita sentimita 5 huweza kupasuka na kuvuja damu tumboni, na mara chache hugeuka saratani. Jambo la kwanza katika matibabu yake ni kuviacha vidonge hivyo. Sasa, mke avimezaye kwa siri atasemaje, na mume amekaa ubavuni mwake akimjibia kila swali? Mume na atoke nje kidogo, wala asidadisi baadaye walizungumza nini.

Amma mgonjwa akitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au macho yakageuka manjano, au maumivu yakamjia ghafula akazirai, siku ya miadi isingojewe. Apelekwe hospitali usiku ule ule.