Masizi Si Uchafu wa Moto



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunadhani masizi ni uchafu wa moto, kama vumbi lilivyo uchafu wa barabara. Sivyo. Masizi ni kuni au makaa ambayo hayakumaliza kuungua. Ni pesa ya baba iliyoganda kwenye sufuria, na nyingine imeingia kifuani mwa mama.

Tuchukue makaa ya mawe. Yakipata joto, kabla hata jiwe lenyewe halijashika moto vizuri, hutoa gesi na mvuke wa lami. Mvuke huo una kaboni na haidrojeni. Ukikuta hewa ya kutosha na moto mkali, huungua. Hewa ikipungua, joto huuvunjavunja, haidrojeni hutoka, na kaboni inayobaki hushikana pete kwa pete mpaka zikawa chembe nyeusi, ndogo mno hata moja moja hazionekani kwa jicho. Chembe hizo ndizo zinazong'aa njano katika mwali. Zikiwahi kuungua humo humo, moshi mweusi hauonekani. Mwali ukikosa hewa, au ukigusa chungu cha baridi, hutoka zikiwa masizi. Kuni nazo hupita njia hiyo hiyo, na zikiwa mbichi ndiyo balaa, maana joto jingi huishia kukausha maji.

Waingereza walijifunza kwa gharama. Mwaka 1775 tabibu Percivall Pott wa London alieleza kuwa saratani iliyowapata wasafisha dohani, kazi waliyoianza wakiwa watoto wadogo, ilitokana na masizi. Makaa yakaendelea kuwashwa majumbani. Disemba 1952 moshi na ukungu viliufunika mji huo siku 5. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kufa, na makadirio ya baadaye yakafika 12,000. Sheria ya kuzuia moshi ikaja 1956.

Sisi tunangoja nini? Mwanamume anachangia feni ya msikiti, Allah amlipe kheri, na jiko la mkewe halina dirisha. Mtoto yuko mgongoni anakohoa, tunasema ni mafua tu. Dini imetukataza kujidhuru na kudhuru wengine, na katazo hilo haliishii kwenye mlango wa jikoni. Kutoboa dirisha, kuanika kuni zikauke, kutolijaza jiko hadi likakosa pumzi: haya si mambo ya kungoja mfadhili.

Jambo moja linanitisha zaidi. Mkaa wa miti hauna masizi mengi, kwa kuwa ule mvuke wake uliisha kwenye tanuri. Basi watu huuona salama, msimu wa baridi wakaingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala nayo anaweza asiamke kwa Alfajiri. Jiko lilale nje, hata kama yamebaki makaa mawili mekundu.

Wabillaahi tawfiyq.