Mbavu za ng'ombe kwa Noeli: tuzichome ao tuzichemshe?



Noeli inakaribia, na katika makundi yetu ya likelemba swali ni lile lile: tukiungana kununua ng'ombe, zile mbavu zipikwe namna gani? Wengine wanataka zichomwe, wengine zichemshwe. Hapa Lubutu, katikati ya pori, nyama ya ng'ombe si chakula cha kila siku kama samaki ao kuku. Franga za mwaka mzima ziko ndani ya ile sufuria, kwa hiyo tufikiri mbele ya kuwasha moto.

Ujue nyama yako. Mbavu zina mishipa myeupe, migumu, inayoshika nyama kwenye mfupa. Moto mkali wa haraka hauilainishi, unaikaza tu. Inataka maji, mfuniko na saa nyingi. Ndipo inayeyuka na kuupa mchuzi uzito. Basi uliza kwanza: ng'ombe huyu ni kijana ao ni mzee aliyetembea safari ndefu? Kijana anaweza kwenda kwenye mbabula. Mzee aende kwenye sufuria.

Kuchemsha. Hii ndiyo njia ya nyumba yenye watu wengi. Weka mbavu na maji ya kuzifunika, kitunguu, tangawizi na chumvi kidogo. Zikisha kutokota, punguza moto, funika vizuri, uache saa mbili na nusu ao tatu. Tomati na pilipili zije mwishoni. Mchuzi unatosha kwa mchele ao bugali, na wazee wasio na meno watakula bila shida.

Kuchoma. Harufu yake inaita mtaa mzima, lakini nyama inanywea, na mchuzi haupo. Kwa watu sita ni sawa. Kwa watu ishirini itakuletea aibu.

Kuchemsha, kisha kuchoma. Mimi ninachagua hii. Chemsha saa mbili, toa mbavu, pakaa chumvi, kitunguu saumu na pilipili, kisha uziweke juu ya makala yasiyo na ndimi za moto, dakika kumi na tano tu. Mchuzi uliobaki pikia sombe. Kwa namna hiyo, nyama moja inatoa vyakula viwili.

Kama makala ni kidogo, papai bichi linasaidia. Lisage, upakae nyama nusu saa mbele ya kupika. Usizidishe muda, nyama itakuwa kama uji.

Mambo matatu tusisahau. Moja: wengi wetu hatuna frigo, basi ng'ombe achinjwe alfajiri ya siku ile ile ya kula. Nyama iliyoiva isikae zaidi ya saa mbili. Inayobaki itokote tena kabisa mbele ya kuliwa. Mbili: mbavu zikatwe kwa msumeno kama upo. Panga linaacha vipande vidogo vya mfupa, na mtoto anaweza kusakamwa. Tatu: kama majirani Waislamu watakula pamoja nanyi, mpatane mapema nani atachinja, na sufuria iwe ile isiyopikiwa nguruwe.

Neno la mwisho ni juu ya kugawa. Kilo tatu za mbavu si kilo tatu za nyama, kwa sababu mfupa unachukua sehemu kubwa. Mara nyingi wageni na wababa wanapewa kwanza, watoto wanapata mchuzi, na mama aliyekaa kwenye moshi toka asubuhi analamba kijiko. Kuheshimu mgeni ni desturi nzuri, tuishike. Lakini hesabu vinywa mbele ya kupakua. Weka pembeni kipande cha kila mtoto na cha mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, kwa sababu miili yao inaijenga damu kwa nyama ile. Kisha weka na chako. Mpishi naye anasherehekea Noeli.

Muwe na sikukuu njema. Tuonane juma lijalo.