Uzamivu wa kwanta: omera, karo utatoa wapi?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, wadau, mniwie radhi. Leo nina jambo linalonikera.

Juzi tulikuwa ufukweni Dunga tukisubiri samaki, nikamwambia rafiki yangu, mwanaprogramu kama mimi, kwamba nataka kufanya uzamivu katika uigaji wa vifaa vya kwanta. Akacheka sana. "Omera, karo utatoa wapi?"

Swali hilo ndilo linalotupoteza. Hapa kwetu tumezoea kuona mwanafunzi wa uzamivu akijilipia karo huku akifundisha vipindi hapa na pale. Kule Uholanzi na Ujerumani, nafasi nyingi za aina hii hutangazwa kama kazi: mkataba wa miaka 3 au 4, mshahara, hata likizo. Unaomba ajira, huombi msaada!

Na kazi yenyewe si ya ubaoni tu. Chukua kipande cha kifaa, kidogo kiasi kwamba elektroni hupita humo kama wimbi. Kigawe katika vituo 100 kwa 100, yaani 10,000, kila kimoja kikiunganishwa na majirani wake wasiozidi 4. Ukihifadhi jedwali zima, ni namba milioni 100. Kwa baiti 8 kila namba, hizo ni megabaiti 800. Lakini karibu zote ni sifuri! Zisizo sifuri hazifiki 50,000. Kuliona hilo na kuandika programu inayolitumia ni kazi yetu kabisa. Kwant, maktaba ya Python iliyoelezwa rasmi na waandishi wake mwaka 2014, ni ya bure. Huwa naiendesha kwenye laptopu yangu kuukuu (umeme ukiwepo).

Siwadanganyi, digrii ya kwanza ya kompyuta haitoshi. Kwa kawaida wanataka uzamili, tena uwe unaijua fizikia kweli. Hapo ndipo nilipokwama. Ila ngazi zipo. Kituo cha ICTP kule Trieste, Italia, alichoanzisha Abdus Salam mwaka 1964, kina diploma ya mwaka mmoja isiyo na karo, na posho unapewa. Tawi lake la Kigali lilifunguliwa 2018. Na mwaka 2012 shule ya ASESMA, inayofundisha Waafrika kukokotoa tabia za elektroni kwa kompyuta, ilifanyika Eldoret, safari ya matatu tu kutoka hapa.

Kwa hiyo walimu wapo na programu ni za bure. Huu ni utafiti usiodai maabara ya mamilioni, unadai mtu anayelipwa ili akae chini afikiri. Ningependa kuona chuo kimoja cha huku ziwani, Maseno au kile cha Bondo, kikitangaze nafasi moja tu yenye mshahara. Moja! Ningeiomba kabla ya ile ya Uholanzi, na nyumbani nisingehama.

Kwa sasa kila usiku nasoma fizikia ya mwaka wa pili. Yule jamaa ameniomba nimwekee Kwant kwenye flashi. Eti anataka kuangalia tu.