Mafunjo ya Dunga Si Kichaka

Jina aghalabu hutangulia tendo. Kitu kikishaitwa takataka, aliyekitupa halaumiwi. Ndivyo yanavyotendewa mafunjo ya Dunga, mtaa ulio kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa jiji la Kisumu. Wenye uchu wa viwanja huyaita kichaka, na mahali yalipoota huita ardhi tupu. Hapana budi tuwaulize: ni tupu kwa nani?

Historia yatufunza kwamba Kisumu palikuwa mahali pa kubadilishana mali kabla ya reli kufika mwaka wa 1901. Wajaluo hulihusisha jina hilo na safari ya kutafuta chakula wakati wa njaa. Wakoloni walijitengea Milimani, nao Waafrika wengi wakaachwa nje ya mpaka wa mji. Dunga ilikuwa kijiji cha wavuvi. Mji ukapanuka hadi ukaimeza. Hata hivyo, mtaa huu ungali na sura mbili: huku nyumba za kukodisha na hoteli za samaki, kule mashua, nyavu na akina mama wanaowangoja wavuvi ufuoni.

Sura zote mbili huyategemea mafunjo. Humo samaki huzaliana na vifaranga vyao hujificha. Mizizi yake huchuja maji machafu kabla hayajaingia ziwani. Humo pia huishi ndege wasioonekana ila penye mafunjo. Mafundi nao hukata mabua, wakasuka mikeka na vikapu, wakapata karo ya watoto.

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mwaka wa 2020 ziwa lilifura kupita kiasi, likawafukuza wengi waliokaa kandokando yake. Wapo waliolalamika kwamba ziwa limevamia makazi ya watu. Lakini ziwa lilikuwa limepanda vivyo hivyo baada ya mvua kubwa za mwaka wa 1961. Waliojenga baadaye ndio waliosahau.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 huyahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Sheria hiyo haitafaa kitu iwapo mwananchi hajui ziwa linaanzia wapi. Yafaa mpaka wa kinamasi cha Dunga upimwe mbele ya wenyeji, uwekwe alama na utangazwe. Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi wakajionee, kisha muwafunze kuyaita mafunjo kwa kazi yake: kitalu cha samaki na chujio la maji. Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo hatadanganywa kesho kwamba panauzwa kichaka.