Uso wa Fuwele na Tatizo la Istilahi

Imezoeleka kuifasili fuwele kuwa ni yabisi ambayo atomi zake zimepangika kwa utaratibu mmoja unaojirudia pande zote. Fasili hii ina kasoro: inaeleza fuwele isiyo na mwisho, ilhali kila fuwele ina uso. Atomi iliyo ndani imezungukwa na jirani zake; iliyo usoni imewapoteza wa upande mmoja, na kani zinazoishikilia haziwezi kuwa zile zile.

Mfano bayana ni silikoni. Mwaka 1959 Schlier na Farnsworth walibaini, kwa kutumia miali ya elektroni, kwamba mojawapo ya nyuso zake hujipanga kwa kigezo kinachozidi kile cha ndani mara saba kwa saba, yaani kigezo kimoja cha usoni huchukua nafasi ya vigezo 49. Mwaka 1983 Binnig, Rohrer na wenzao, huko Uswisi, walitoa picha zilizoonyesha atomi za uso huo moja moja. Mwaka 1985 Takayanagi na wenzake wakapendekeza muundo ambao hatimaye ulikubalika, ambamo vifungo visivyo na mwenza hupungua kutoka 49 hadi 19. Miaka 26 kwa uso mmoja tu!

Je, mambo haya yaelezwe vipi kwa Kiswahili? Wako wanaoshikilia kwamba istilahi ifuate sura ya neno la Kiingereza ili mwanafunzi asipotee aingiapo katika vitabu vya kigeni. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Badiliko la nafasi baina ya matabaka huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya kulegea. Tafsiri sisisi itazaa “ulegevu”, na hapo ndipo upotofu unapoingia, kwani katika metali nyingi tabaka la kwanza husogea ndani, likikaribia la pili. “Msogeo wa tabaka” ungefaa zaidi. Vivyo hivyo, “upangaji upya” humdokeza mpangaji asiyekuwapo. “Kujipanga upya” kunatumia kirejeshi ambacho lugha inacho tayari. Ama “kiini cha fuwele”, kwa maana ya sehemu ya ndani, kiepukwe kabisa, maana kiini ni cha atomi.

Mwanafunzi aliyefundishwa “ulegevu” akiombwa kuchora uso wa alumini uliosogea ndani, atalichora tabaka la juu likielea mbali na mengine, na kosa halitakuwa lake.