Ukuta wa Mawimbi Upimwe kwa Hesabu

Dagaa wanaouzwa sokoni Mwandiga, inapoanzia barabara ya Manyovu, hufika ufukoni kwa mitumbwi inayotia nanga katika mialo ambayo mingi haina kinga ya mawimbi. Kigoma imejaliwa rasi ya Bangwe. Ujiji haikujaliwa hivyo. Kusi ikivuma wakati wa kiangazi, hupita juu ya ziwa lenye urefu wa kilometa 670 hivi, ikainua mawimbi ambayo hata wasomaji wetu wa visiwani wangeyaheshimu.

Kwa hiyo wananchi wanapodai ukuta wa kuvunja mawimbi, tunawaunga mkono. Lakini ukuta huo usijengwe kwa kukadiria kwa macho.

Februari 1978, dhoruba ilibomoa ukuta wa bandari ya Sines, Ureno, uliokingwa kwa mapande ya zege ya tani 42 kila moja. Wahandisi hawakosi sababu ya hofu: kwa kanuni yao, kimo cha wimbi kikiongezeka mara mbili, jiwe la kulizuia hutakiwa uzito mara nane. Siku hizi kompyuta huligawa pigo la wimbi katika vipande vidogo mno vya sekunde. Katika kila kipande hulinganisha nguvu ya maji na uzito wa ukuta na msuguano wa msingi wake, kisha hujumlisha umesogea kiasi gani. Ukuta waweza kusogea sentimeta moja leo na nyingine mwakani, pasipo mtu kutambua.

Hesabu hiyo hutegemea kina cha maji, na hapo ndipo ziwa letu lilipo na ukaidi wake. Baada ya kuvunja kizuizi cha Lukuga mnamo 1878, lilishuka mita kadhaa na kuiacha Ujiji ya kale mbali na maji. Katika miaka ya 1960 lilipanda. 2021 na 2024 likaingia majumbani mwa watu. Maji yakipanda, wimbi kubwa zaidi huufikia ukuta kabla halijavunjika, na ukuta wenyewe, ukizama zaidi, huukalia msingi wake kwa uzito pungufu.

Tunawaomba wakuu wa bandari wapime mawimbi ya Ujiji na Kibirizi walau kwa msimu mmoja mzima wa kusi, na hesabu ifanywe kwa kina cha 2024, si kwa wastani wa miaka iliyopita. Wavuvi nao waulizwe, kabla zabuni haijatangazwa.