Kabla ya Hoteli, Tupeni Njia ya Kutembea

Wasee wa Isiolo, tukisikia Lamu tunafikiria LAPSSET. Mradi ulizinduliwa kule Machi 2012, na ndani yake kuna mpango wa miji ya kitalii, mmoja Lamu, mwingine hapa kwetu.

Sawa. Lakini utamu wa Lamu si hoteli, ni kutembea. Unatoka Mji wa Kale, unafuata ufuo hadi Shela, kama kilomita 3 hivi. Hakuna matatu, kuna punda na mashua. Maji yakijaa njia inafunikwa, so uliza kwanza yanakupwa saa ngapi. Ufuo wa Shela nao hauna geti wala tiketi. Mwenye elfu 50 na mwenye bob 50 wanakanyaga mchanga mmoja.

Na vile vilima vya mchanga si vya picha tu. Vinachuja mvua na kuweka maji matamu ya visima. Ukijenga juu yake, umejenga juu ya tangi lako mwenyewe.

Sisi tuna Mto Isiolo, unapita mjini ukielekea Ewaso Ng'iro. Wengi wetu tunauona tu tukivuka daraja. Kama mji wa kitalii unakuja kweli, tuanze na kitu rahisi: njia ya miguu kando ya mto, miti ya kivuli, mapipa ya taka. Hoteli ikitangulia, ua utafuata, na mto wetu tutauchungulia kupitia waya.

Ama mnaonaje?